Aliyeendesha Pikapu ya Mzee Hemedi

Vijana wangu wa gereji, siku mliponiaga mlinipa blanketi, soda na maneno matamu, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi ili msisahau tulikotoka. Nikakubali. Nilikusudia kuandika kwa upole, maana mtu akishastaafu watu humtegemea awe mpole. Lakini baadaye nililiona kombe walilolichonga kwa ajili ya mashindano ya magari kule Mpui, na upole wote ukanitoka. Limeandikwa jina la Mzee Hemedi, na chini yake, kwa herufi za kung'aa: "Dereva wa kwanza wa mashindano Rukwa." Mzee Hemedi, Mungu amrehemu, alikuwa tajiri yangu kwa miaka mingi na alikuwa mtu mwema. Ila kuendesha gari hakujua. Sisemi kwamba hakujua vizuri, nasema hakujua kabisa. Kwa hiyo nitawasimulia ya kazini kama mlivyotaka, lakini nitasimulia nikiwa nimekasirika, na asiyependa asisome.

Niliingia gereji ya Mzee Hemedi mara tu baada ya kumaliza darasa la saba. Mkuu wa gereji alikuwa Fundi Abeli, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Spana hakunipa. Alinipa karai la dizeli na bolti za injini nzima, nizioshe, kisha nizipange chini kwa mpangilio wa matundu zilikotoka. Nilipokosea hakunigombeza. Alizikoroga zote kwa mguu, akaenda kunywa chai, nami nikaanza upya. Leo nyinyi mnazitupa zote kwenye kopo la rangi na kuniambia, "Zitaingia tu, fundi." Haziingii, mnazilazimisha, na mnajua.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa baridi. Mwezi wa sita na wa saba, gari la dizeli likilala nje hapa Sumbawanga, oili yake asubuhi haina tofauti na grisi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tulisukuma karai la makaa chini ya sampo, lile bakuli la oili, mbali kidogo na mipira, tukasubiri. Fundi Abeli alichomoa kijiti cha oili na kukitazama. Ikidondoka kama uji wa mgonjwa, washa. Iking'ang'ania kama ugali wa ulezi, rudi ukaote moto na wenzako. Madereva wengi waliona tunawachelewesha, wakatusonya.

Asiyetusonya alikuwa mmoja tu, naye ndiye ninayemwandikia haya yote. Aliitwa Oresti, mtoto wa wakulima wa Mpui, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu aliyoivua kanisani tu. Aliendesha pikapu ya Mzee Hemedi, akikusanya mahindi na ulezi vijijini na kuleta mjini. Alinizidi umri, nami nikawa namwita Kaka Oresti. Kila asubuhi alichuchumaa mwenyewe na kupapasa sampo kwa kiganja kabla ya kuingia kwenye gari. Na gari likiwa na kasoro alikuja na habari kamili. Madereva wengine humwambia fundi, "Inasumbua tu," halafu wanakwenda kula. Yeye aliniambia, "Desi, gia ya tatu inalia nikiachia mafuta kwenye mteremko. Nikikanyaga, inanyamaza." Nusu ya kazi alikuwa ameshanimalizia.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nyinyi mmelizoea kiasi kwamba hamlioni. Hapa kwetu gari huitwa kwa jina la tajiri. Pikapu ikiingia kijijini watu husema, "Hemedi kafika," na wakati huo Hemedi yuko dukani anapima sukari. Ikivuka tope lililowashinda wengine, Hemedi kapita. Ikianguka mtaroni, hapo hapo watu wanauliza dereva ni nani. Nimelisikia hilo maisha yangu yote ya kazi na bado linanikera.

Baada ya ile miaka ya foleni za mafuta kuisha, wafanyabiashara wa mjini waliunda kamati ya kuandaa mashindano ya magari. Walipata uwanda wazi nje kidogo ya Mpui, mavuno yakiwa yameshaondolewa, trekta likakwangua njia ya mviringo. Sheria yao ilikuwa nzuri, hata leo naisifu: gari liwe lile lile linalofanya kazi kila siku, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Fundi na dereva walijua watapimwa kwa gari la shughuli. Mzee Hemedi akaandikisha pikapu yake, na mimi na Fundi Abeli tukaishughulikia breki na springi kama vile tunaiandaa kwa safari ya Namanyere wakati wa masika.

Asubuhi ya mashindano Oresti alikuja na magunia mawili ya ulezi, mali ya mama yake. Aliyapakia nyuma, juu hasa ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, akayafunga kwa kamba. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwenyekiti wa kamati akaja mbio.

"Wewe dereva wa Hemedi, unakwenda sokoni au unashindana?"

"Nashindana, mzee."

"Sasa mzigo wa nini?"

"Mmesema gari liwe kama linavyofanya kazi kila siku," Oresti akajibu kwa heshima, mikono nyuma. "Hili kila siku lina magunia."

Mwenyekiti akampungia mkono apite. Nilipotazama pikapu nyingine nilielewa. Zote zilikuwa tupu. Kwenye udongo uliokauka, pikapu tupu hurukaruka nyuma, na kwenye kona tairi za nyuma zinataka kwenda mbele kumsalimia dereva. Kila mtu aliyewahi kusomba mahindi Ufipa anajua hivyo, lakini siku ile walitaka wepesi. Mmoja alizunguka na kutazama alikotoka. Mwingine aliingia kwenye mabua. Oresti hakugusa breki kwenye kona hata moja. Alishusha gia, akaacha injini imshike, gari likapita limetulia na magunia yake, naye akamaliza akiwa amewaacha wote kwenye vumbi.

Nilirusha ovaroli yangu hewani. Kisha nikasikia anachosema mtangazaji: "Hemedi amewafundisha adabu! Hemedi, njoo mbele!" Mzee Hemedi akapita mbele, akapewa zawadi, akapeana mikono na wakubwa. Oresti alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa pikapu anakagua tairi. Nilimfuata.

"Kaka Oresti, mbona hawajakuita?"

"Gari ni la Mzee, Desi."

"Lilijiendesha?"

Akacheka, akaanza kufungua kamba za magunia. Ulezi ule mama yake aliupikia pombe, nami nilikaribishwa Mpui kuinywa. Ilikuwa nzuri sana, lakini haikunipoza.

Mwaka uliofuata magari yaliongezeka, na karibu kila pikapu ilikuja na magunia. Wale wale waliocheka. Ila waliiga bila kuuliza. Mmoja alijaza mahindi hadi springi zikalala, mwingine aliyaweka nyuma kabisa ya ekseli na usukani ukawa mwepesi, gari likawa haligeuki. Oresti alishinda tena. Safari hii alikuwepo mpiga picha kutoka mjini. Mzee Hemedi akaambiwa akae nyuma ya usukani ili picha ipendeze. Oresti alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya boneti. Mpiga picha akainua kichwa na kumwambia, "Dereva, hebu sogea kidogo, kivuli chako kinaingia."

Akasogea! Mtu aliyetoka kushinda, jasho halijamkauka, akasogea ili kivuli chake kisiharibu picha ya ushindi wake. Nilitamani kuivunja ile kamera. Picha hiyo ikawekwa kwenye fremu, ikatundikwa dukani kwa Mzee Hemedi, na wote mlioenda pale kununua chumvi mmekua mkiitazama.

Mashindano ya tatu ndiyo yaliyommaliza. Baadhi ya matajiri walichoka kushindwa na dereva wa mtu, wakaishawishi kamati ipitishe sheria mpya: gari liendeshwe na mwenye gari au ndugu yake. Mzee Hemedi alikuwa na mpwa wake, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, akampa funguo. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, upepo wa uwandani unapita katikati ya mifupa. Oresti, ingawa alikuwa ameondolewa, alikuja na karai la makaa, akalisukuma chini ya sampo. Yule mpwa akalivuta kwa mguu.

"Ondoeni mambo yenu ya kizee, mtaniunguzia gari."

"Mdogo wangu, subiri kidogo tu," Oresti akamsihi. "Oili bado imelala. Ukikanyaga mafuta hivi utaiua injini."

"Wewe si dereva leo. Kaa nyuma ya kamba."

Akakaa nyuma ya kamba, na mimi nikakaa naye. Mpwa aliwasha, akakanyaga mafuta mpaka mwisho kabla injini haijapumua. Oresti alifumba macho. Mzunguko wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili tulianza kusikia mlio, koko koko koko, nami sikuhitaji kuambiwa. Injini ilikuwa inanoki, vyuma vinagongana ndani. Kwenye wa tatu ikakamata, vyuma vikashikana, pikapu ikasimama katikati ya njia, moshi unafuka.

Jioni hiyo tayari kulikuwa na maelezo mjini. Oresti amelichosha gari. Kalikimbiza miaka miwili, kamwachia kijana wa watu gari bovu. Mnaona? Miaka miwili pikapu ilishinda bila dereva. Siku ilipokufa, dereva akapatikana, na hakuwa yule aliyeshika usukani.

Mimi na Fundi Abeli ndio tulioifungua injini ile. Beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zilikuwa zimeungua nyeusi, kwa sababu oili haikufika. Pistoni zilikuwa safi, krenki, mhimili wa injini, ilikuwa bado na afya mpaka asubuhi ile. Gari lililochoshwa halifi hivyo. Tulizipangusa beringi, tukazifunga kwenye kitambaa, tukaenda nazo kwa Mzee Hemedi nyumbani kwake. Akazitazama. Akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nawaelewa," akasema. "Lakini yule ni mtoto wa dada yangu."

Fundi Abeli akamwambia, "Mzee, Oresti naye ni mtoto wa mtu."

Mzee akainua kikombe, akanywa. Nimesema alikuwa mwema, na sirudi nyuma. Alinilipia matibabu ya mama yangu bila kuniuliza. Lakini siku ile alinyamaza, na kunyamaza kwake kukamfukuzisha Oresti kazi. Kamati nayo iligombana, mashindano yakafa. Hiyo ndiyo kazi nzima ya mwendesha mashindano wa kwanza niliyemjua: alishinda mara mbili, na mara ya tatu akatazama akiwa nyuma ya kamba.

Oresti alihamia Namanyere, akaendesha malori ya watu, kisha akarudi kwenye jembe. Mimi nilibaki. Fundi Abeli alipofariki nikawa mkuu wa gereji, na kama mnakumbuka nilivyowasumbua mkae na dereva mumsikilize kabla ya kufungua boneti, basi jueni niliyapata kwa nani. Kila nilipopita Namanyere nilimtembelea, nikamwambia twende tukaseme ukweli. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Gari lilikuwa la Mzee, Desi. Yaache." Kuna siku nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia mtu mwingine yeyote.

Sasa nimestaafu, na vijana wa mjini wameyafufua mashindano. Nilifurahi kweli. Kisha nikaliona kombe. Nikaenda kwa waandaaji, nikiwa nimevaa koti. Kijana mmoja akanisikiliza huku anachezea simu.

"Shikamoo mzee. Lakini tuna picha kabisa. Iko wazi, Mzee Hemedi yuko kwenye usukani."

"Gari kwenye picha hiyo limesimama, kijana."

"Mzee wangu, kombe limeshachongwa. Tutafanyaje sasa?"

Nikapanda basi kwenda Namanyere. Nilimkuta Oresti uani anapukuchua mahindi na mkewe, Mama Pius. Nilipomaliza kueleza akaanza wimbo wake wa gari la Mzee. Mkewe akaweka gunzi chini.

"Baba Pius, nyamaza leo," akasema. "Shemeji, mchukue umpeleke. Pius alipokuwa mdogo baba yake alimsimulia, naye akawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake alishinda mbio za magari. Wakamzomea, wakamwambia kila mtu anajua ni Hemedi. Alirudi analia, akamuuliza baba yake. Unajua alijibiwa nini? Gari lilikuwa la Mzee! Tangu hapo mtoto akajua baba yake ni mwongo. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, na hii habari ikitajwa anatoka nje."

Oresti aliinamisha kichwa. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo, na yeye hakuwahi kuniambia. Kesho yake tulipanda basi pamoja kwenda Mpui kwenye mashindano.

Uwandani kulikuwa na watu wengi, muziki, maturubai. Tulisimama nyuma ya kamba kama siku ile. Nikaipita kamba, nikamfuata mtangazaji, nikamweleza nani nimekuja naye. Akanong'onezana na Hamza, mjukuu wa Mzee Hemedi, ambaye ndiye mfadhili. Hamza ni kijana muungwana. Alikuja mwenyewe kwa Oresti, akainama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Nimeambiwa ulifanya kazi kwa babu yetu. Karibu, nitakuzungusha mimi mwenyewe kufungua mashindano."

Akamfungulia mlango wa abiria. Na mtangazaji, kwa sauti iliyofika Mpui yote, akasema: "Washikaji, leo tunaye mzee mmoja aliyekuwa karibu na bingwa wetu! Mjukuu wa bingwa atamzungusha! Mpigieni makofi!"

Karibu na bingwa. Nikafungua mdomo nimkatize. Lakini Oresti alinigusa mkono. Alikitazama kile kiti, kisha akaufunga mlango, taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa gari analolijali.

"Mwanangu, ahsante," akamwambia Hamza. "Mimi hapa sizungushwi."

Mtangazaji akadhani ni utani, akamsogezea kipaza sauti. "Kwani wewe ni nani, mzee wetu?"

Oresti akavua kofia yake. Nilidhani atasema lile jibu lake. Hata midomo yake ilianza kulitengeneza, niliona.

"Mimi ni Oresti, wa hapa hapa Mpui," akasema. "Mashindano ya kwanza kwenye uwanja huu niliendesha mimi. Ya pili niliendesha mimi. Magunia yalikuwa ya mama yangu. Gari lilikuwa la Hemedi. Mbio zilikuwa zangu."

Muziki ulikuwa umezimwa. Mama mmoja mzee wa Mpui akapaza sauti kutoka nyuma, "Ni kweli, mimi nilikuwepo!" na mwingine akaitikia, na mwingine. Hamza aliinamisha macho kwa aibu ambayo haikuwa yake. Oresti akarudisha kipaza sauti, akavaa kofia, akaniomba tuondoke.

Kombe halijabadilishwa. Wananiambia tuvumilie, fundi wa kuchonga amesafiri. Nitakuwa nakwenda kuwauliza kila wiki mpaka wanichukie, maana sasa nina muda.

Lakini kulikuwa na mtu aliyerekodi kwa simu, na nyinyi mnajua mambo hayo yanavyokwenda. Tulikuwa bado kwenye basi la Namanyere, hatujafika hata nusu ya njia, simu ya Oresti ikaita. Alikuwa Pius. Nilikuwa nimekaa naye kiti kimoja, nikasikia kila kitu.

"Baba, kumbe ni kweli?"

"Ni kweli."

Kisha nikasikia mtu mzima analia upande wa pili. Oresti akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaiona hasira usoni mwake.

"Desi," akasema, "huyu aliacha kuniamini akiwa darasa la nne."